Rula ya shilingi ishirini ambayo haiko wadi ya wazazi

Kuna nambari ambazo bado ziko kichwani mwangu ingawa chuo niliacha kitambo. Joto la mtoto mchanga: kati ya 36.5 na 37.5. Pumzi: 30 hadi 60 kwa dakika. Uzani: ukiwa chini ya kilo 2.5, andika kwamba mtoto ni mdogo. Mzunguko wa kichwa: sentimita 34 au 35 hivi kwa aliyezaliwa kwa muda wake. Nilikuwa nasomea uafisa wa kliniki. Nilifika mwaka wa pili, karo ikakataa, nikarudi mtaani kuandika blogu na kuuza simu za mkononi zilizotumika. Lakini ukiniamsha saa tisa usiku ukaniuliza kichwa cha mtoto mchanga kinafaa kuwa na ukubwa gani, nitakujibu kabla sijafungua macho.

Sasa niulize kuhusu sehemu za siri za huyo mtoto. Nitakuambia mwalimu wetu alituambia nini, neno kwa neno: "Angalia kama ziko sawa." Halafu akageuza mwanasesere wa plastiki akaendelea na mgongo.

Hatukuuliza sawa ni ngapi. Tulikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, tumejaa chumba, nusu yetu tunacheka chini kwa chini. Hakuna aliyetaka kuwa yule msee aliyeinua mkono kuuliza swali hilo. Mimi pia nilinyamaza. Ningeuliza, nadhani, kama ningejua kitakachompata dadangu.

Dadangu mkubwa alijifungua kifungua mimba wake katika kituo kimoja cha afya hapa Eastlands. Sitakitaja. Alizaa usiku, kwa njia ya kawaida, mtoto akalia vizuri. Muuguzi alimwinua, akamtazama chini ya balbu, akasema, "Mama, ni kijana." Akamwandika ME. Kesho yake saa nne dadangu alikuwa kwenye matatu akirudi nyumbani, mtoto amefungwa blanketi la manjano, na kwa sababu ni kijana wa kwanza akapewa jina la babake mumewe, kama ilivyo desturi kwetu.

Siku ya tisa alianza kutapika. Dadangu akaambiwa ni maziwa, amcheushe vizuri. Siku ya kumi na mbili hakutaka kunyonya, akawa mlegevu kama kitambaa kilicholowa maji. Wakaenda hospitali, wakaambiwa ni maambukizi, akawekewa dripu na dawa za kuua bakteria. Siku ya kumi na sita tukamzika. Msalaba wenye jina la babu uko huko shambani hadi leo.

Miaka mitatu baadaye dadangu alipata mwingine, mara hii hospitali tofauti. Tena akaambiwa ni kijana. Lakini asubuhi, kabla ya kuruhusiwa, alikuja muuguzi mmoja wa makamo, wale wa miwani kwenye ncha ya pua, akasema anataka kumkagua mtoto tena. Alimpapasa taratibu, akatafuta korodani kwenye kifuko, akatafuta kwenye mikunjo ya mapaja, hakupata hata moja. Akatoa rula ya plastiki kwenye mfuko wa koti, ile rula ya shule ya msingi kabisa, akapima, akaandika. Kisha akamwambia dadangu jambo ambalo hatutasahau: "Mama, usimpe jina bado. Na leo hamwendi nyumbani."

Damu ilitolewa, ikatumwa maabara. Mtoto akapigwa picha ya tumbo, ikaonekana ana mji wa uzazi. Kromosomu zikarudi XX. Alikuwa msichana. Homoni zilikuwa zimeukuza mwili wake nje ukaonekana wa kiume, na homoni hizo hizo zilikuwa ishara kwamba tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo hazifanyi kazi yake. Hizo tezi ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayomsaidia mtu kuhimili ugonjwa na dhiki, na nyingine inayozuia chumvi isimwagike yote kwenye mkojo. Bila hizo homoni mbili, mtoto huanza kupoteza chumvi na maji ndani ya wiki moja hadi tatu za kwanza. Anatapika, anakauka, moyo unavurugika, anakufa. Na ukimwangalia juu juu utaapa ni maambukizi au ni kuhara.

Nilisimama kwenye veranda ya hospitali nikasoma hayo maelezo kwenye simu nikiwa nimeshika ukuta. Wiki moja hadi tatu. Kutapika. Kulegea. Siku kumi na sita.

Ugonjwa huo ni wa kurithi. Baba anabeba nusu, mama anabeba nusu, wao wenyewe wako sawa kabisa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nusu zote mbili. Kwa hesabu inayotumika sana duniani, unampata mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hivi. Unaweza kusema hiyo ni nadra, mbona tupoteze wakati? Haya, piga hesabu nami. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja kwa mwaka. Gawanya kwa 15,000. Unapata sitini na kitu. Kama hesabu ya dunia inashika hapa kwetu, ni matatu nne zilizojaa watoto wachanga kila mwaka, na wengi wao wana ile aina kali ya kumwaga chumvi.

Nchi nyingi tajiri hazitegemei macho ya muuguzi. Mtoto akiwa na siku mbili au tatu hudungwa kisigino, tone la damu linawekwa kwenye karatasi maalum, linapelekwa maabara, na ugonjwa huu ni mmojawapo wa yale yanayotafutwa. Hapa Kenya kipimo hicho si jambo la kila wadi ya wazazi. Kwa mtoto wa Kayole au wa Lodwar, maabara ya kwanza ni vidole vya aliyemzalisha. Ndiyo maana nasema swali la "sawa ni ngapi" si la kuchekea.

Hebu tuone hiyo "sawa" ilitoka wapi.

Nambari zinazotumika zaidi vitabuni kwa watoto wa kiume zilitoka Seattle, Marekani. Mwaka 1975 madaktari wawili, Feldman na Smith, walichapisha vipimo vya urefu wa uume wa watoto wachanga waliozaliwa wakati tofauti wa mimba. Kwa waliotimiza miezi yao, wastani ukawa sentimita 3.5, na mtawanyiko, yaani kadiri vipimo vinavyopishana na wastani huo, ukawa sentimita 0.4. Madaktari wakakubaliana kwamba mpaka uwe chini ya wastani kwa mitawanyiko miwili na nusu. Chukua 0.4, zidisha kwa 2.5, unapata 1. Toa kwenye 3.5. Ndiyo hiyo sentimita 2.5 utakayoikuta kila mahali leo, kwenye vitabu, kwenye mihadhara, kwenye programu za simu za madaktari. Kwa watoto wa kike, kitabu kitakuambia kinembe kikizidi milimita 9 hivi, uliza maswali.

Mtu akikuonyesha hesabu hiyo polepole namna hiyo, unagundua mambo mawili. La kwanza, mpaka si ukuta. Kwa hesabu yenyewe ya mitawanyiko, kati ya wavulana elfu moja wazima kabisa, sita hivi wataangukia chini ya mstari bila kuwa na ugonjwa wowote. Nambari haisemi mtoto ni mgonjwa. Inasema: simama, angalia tena. La pili, mpaka unategemea ni watoto gani waliopimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Canada walilinganisha watoto wachanga wa asili tofauti wanaozaliwa huko huko, wakakuta vipimo havilingani, wakauliza waziwazi kama inafaa watoto wote watumie mpaka mmoja. Huko Ibadan, Nigeria, madaktari hawakungoja kujibiwa. Walipima watoto wao wazima, wavulana na wasichana, wakachapisha viwango vya nchi yao.

Fikiria mpaka ukikaa mahali pasipofaa. Ukiwa juu sana, muuguzi wa Kitui atamtisha mama wa mtoto mzima, mama arudi nyumbani na maneno ambayo mama mkwe atayasikia, na unajua maneno ya mtaani yanavyokua miguu. Ukiwa chini sana, mtoto kama wa dadangu anapita. Kosa la kwanza linaleta aibu na gharama, la pili linaleta jeneza dogo.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo. Uzani wa mtoto wako hupangwa kwenye ile chati iliyo kwenye kitabu cha kliniki, na chati hiyo ina historia ya heshima. Shirika la Afya Duniani lilifuata watoto kutoka Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani kati ya 1997 na 2003, likaanza kutoa mwaka 2006 viwango ambavyo mtoto wa Afrika alihesabiwa ndani yake. Uzani, urefu, kichwa, mkono, hata umri wa kukaa na kutembea. Sehemu za siri hazikuwemo. Sisemi wangezitia, kazi yao ilikuwa ukuaji. Nasema tu kwamba kwa kiungo hiki kila nchi iliachwa ijipimie, na kiungo chenyewe ndicho tunachoona haya kukitaja.

Na kazi yenyewe si roketi. Hospitali ya Pumwani imekuwa ikizalisha akina mama tangu 1926, na ni miongoni mwa zilizo na shughuli nyingi zaidi eneo hili. Ongeza hospitali moja Kisumu, moja Mombasa, moja kaskazini, ili isiwe ni viwango vya Nairobi vikiitwa vya Kenya. Chukua watoto wazima waliotimiza wiki 37 na kuendelea, mama wakubali kwa hiari yao, wapimwe ndani ya siku mbili tatu za kwanza, mama akiwa pale pale. Wale waliozaliwa kabla ya wakati wapimwe kivyao kulingana na wiki zao, maana mtoto wa wiki 30 hawezi kulinganishwa na wa wiki 40: hata zile nambari za Seattle zinampa wa wiki 30 wastani wa sentimita 2.5 tu, ambayo kwa aliyetimiza miezi ingekuwa kengele. Ukimpima njiti kwa mpaka wa mkubwa utampeleka kwa daktari bingwa bure.

Kisha watoto kadhaa wapimwe na watu wawili tofauti wasioonyeshana majibu. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huidharau. Mtoto mnene huwa na mafuta yanayoficha kiungo, macho yanadanganyika. Mhudumu mmoja akipimia juu ya mafuta na mwingine akiyabonyeza, mtapata nambari mbili za mtoto mmoja. Kama mikono haijafunzwa kufanya kitu kimoja, hata ukipima watoto elfu kumi utakuwa umepima tofauti za wauguzi.

Lakini nisikudanganye ukadhani rula peke yake inaokoa. Nimesoma sana tangu ile siku ya veranda, na kadiri ninavyosoma ndivyo navyoona kuwa muuguzi wa miwani hakuanza na rula. Alianza na vidole. Kati ya wavulana mia moja waliotimiza miezi, watatu hivi huzaliwa na korodani ambayo haijashuka, na mara nyingi ni moja tu, na nyingi hushuka zenyewe miezi ya kwanza. Ila mtoto anayeonekana wa kiume na korodani zote mbili hazipatikani popote, huyo haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka ijulikane kama ni msichana mwenye ule ugonjwa wa tezi. Ni kanuni fupi kuliko ujumbe wa M-Pesa. Mwalimu wetu angeisema kwa sekunde kumi.

Kuna nyingine. Mvulana mwenye uume mdogo sana, na sukari ya damu yake inashuka kila mara, huenda shida iko kichwani, kwenye tezi ndogo chini ya ubongo inayoamrisha nyingine zote. Kiungo kidogo ndiyo barua, ugonjwa uko kwingine. Vilevile tundu la mkojo likiwa chini badala ya kwenye ncha, jambo linalotokea kwa mvulana mmoja kati ya 200 hadi 300, asitahiriwe kwanza, maana daktari wa upasuaji huenda akahitaji ile ngozi kurekebisha. Wangapi hapa kwetu wametahiriwa wakiwa na wiki moja kabla mtu yeyote hajaangalia tundu liko wapi?

Pia ukweli mchungu: mvulana mwenye ule ugonjwa wa chumvi huonekana sawa kabisa. Korodani ziko, vipimo viko sawa, pengine ngozi tu imekolea weusi sehemu hizo, jambo ambalo kwa mtoto mweusi ni rahisi kulipita. Rula haimwoni. Huyo anaokolewa na tone la damu la kisigino, au na daktari anayekumbuka kupima chumvi mtoto anapoletwa akitapika. Kwa hivyo yule tuliyemzika huenda alikuwa mvulana kweli, na hata muuguzi wa miwani asingemwona. Au huenda alikuwa msichana na tulimzika kwa jina la babu yake. Dadangu aliniuliza mara moja tu, tukiosha vyombo. Sikuwa na jibu, na yeye hakungoja.

Kuna watu wakisikia habari ya kupima watoto wachanga huko chini wanashtuka, na wana haki. Rula hii ina historia mbaya. Kuanzia miaka ya hamsini na kuendelea, hospitali kubwa za Marekani na Ulaya zilitumia vipimo vya namna hii kama hukumu. Mvulana aliye chini ya mstari, kuna aliyegeuzwa kwa kisu akalelewa kama msichana. Msichana aliye juu ya mstari, kuna aliyekatwa, akakua bila kuambiwa kovu lilitoka wapi. Watoto hao walipokuwa watu wazima walianza kusema. Miaka ya tisini, watetezi wa mahuntha nchini Marekani walitengeneza rula ya kejeli, imeandikwa sentimita 0.9 hadi hapa ni msichana, kuanzia 2.5 ni mvulana, na katikati pale hapakubaliki. Walikuwa wanacheka kwa uchungu. Mtoto mzima yuko katikati ya rula na anaambiwa hakubaliki.

Mwaka 2006 madaktari bingwa waliokuwa wamekutana Chicago walitoa msimamo mpya: timu nzima imwone mtoto, wazazi waambiwe ukweli wote, na upasuaji usiharakishwe kwa sababu ya sura tu. Msimamo huo bado unabishaniwa, hata jina walilochagua, la kuziita hali hizi matatizo ya ukuaji wa jinsia, mahuntha wengi hawalipendi. Wanasema si kila kilicho tofauti ni tatizo. Nakubaliana nao. Mpwa wangu ana ugonjwa, na ugonjwa huo uko kwenye tezi. Umbo lake si ugonjwa.

Nchi hii imepitia njia yake. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto Nairobi ambaye kwenye karatasi za hospitali, pale penye jinsia, waliweka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza, wasee. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, mtoto akiitwa tu Baby A, na mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola akaitaka serikali ishughulike na mwongozo na hesabu ya watu hawa. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: mahuntha 1,524 kati ya Wakenya milioni 47 na zaidi. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtambua mtoto huntha, ikampa haki ya heshima, matibabu, shule na kusajiliwa akizaliwa, na ikakataza kumbadilisha au kumtoa viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Nikiangalia ile 1,524 nakuna kichwa. Karani wa sensa aligonga mlango akauliza, na mtu akajibu kama alijua na kama hakuogopa. Wangapi hawajui? Wangapi waliandikwa ME au KE chini ya balbu saa nane usiku na hakuna aliyetazama tena? Na wangapi hawakufika kuhesabiwa, kwa sababu waliondoka wakiwa na siku kumi na sita?

Sheria inaposema mtoto asajiliwe, lazima kuwe na mtu pale wadini wa kutambua. Na wa kutuma watoto kwake wapo. Tangu 2008 Nairobi imekuwa na mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto, na waliohitimu wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusomea hapa hapa. Tuna mabingwa. Kinachokosekana ni yule wa kwanza kusema "huyu aende juu," na karatasi ya kumwambia aseme lini.

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Anameza haidrokotisoni mara tatu kwa siku. Alipokuwa mdogo dadangu alisaga tembe, akagawa unga kwa wembe juu ya kipande cha karatasi ya daftari, akawa kama mtu wa maabara jikoni kwake. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye duka la dawa la Umoja Innercore ni vitu viwili tofauti. Kuna wiki nimezunguka River Road mpaka viatu vikalia. Akipata homa, kipimo kinaongezwa, hakuna kusema tungoje kesho. Shangazi wa chekechea anajua. Ana karatasi kwenye begi. Anapenda mpira na anapenda kupakwa rangi ya kucha, na akiulizwa jina lake anataja yote matatu kwa sauti.

Jina lenyewe walimpa baada ya mwezi mzima. Majirani waliuliza, mama mkwe aliuliza, kasisi aliuliza. Dadangu alikuwa akijibu, "Daktari bado anaangalia," na akafunga mlango. Siku moja nilimuuliza ni nini kilikuwa kigumu zaidi, dawa au kungoja. Akasema ilikuwa siku ya kwanza, pale muuguzi alipotoa rula, kwa sababu alifikiri mtoto wake anadhihakiwa. "Angenieleza kwanza anapima nini ningemshikia mtoto mwenyewe."

Mwezi uliopita nilimtafuta dada mmoja tuliyeketi naye dawati moja chuoni. Yeye alimaliza, sasa yuko wadi ya wazazi katika hospitali ya kaunti moja, zamu ya usiku. Nikamuuliza huandika nini pale kwenye sehemu za siri. Akanitumia picha ya fomu. Kulikuwa na mstari mfupi, na juu yake ameandika neno moja: "Sawa." Tukacheka, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu wote wawili tulimkumbuka mwanasesere wa plastiki. Nikampigia simu nikamweleza kuhusu dadangu, kuhusu vidole kwanza na rula baadaye, na kuhusu kumwambia mama kabla ya kugusa chochote. Alikaa kimya kidogo akasema kwenye wodi yao hakuna rula, atanunua dukani, shilingi ishirini.

Juzi, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. "Nimekagua tisa leo," ameandika. "Wa saba sikupata korodani hata moja. Nimemwambia mamake asimpe jina bado. Gari la wagonjwa linakuja saa mbili."